Reli mpya inakuja, biashara yangu ya dirishani inakufa

Shangazi, shikamoo.

Huwa nasoma majibu yako kwenye simu ya binti yangu. Leo nimemwomba aandike haya ninayomtamkia, maana usiku silali.

Nina miaka 43 na watoto wanne, naishi Nguruka. Tangu 2006 nauza samaki stesheni. Samaki wetu ni wa mto Malagarasi na ziwa Sagara, kambale na perege. Wengine nawakaanga, wengine nawabanika. Treni ikipiga honi, hata iwe saa nane usiku, tunakimbia na mabeseni kichwani na kuuza dirishani. Dakika chache hizo ndizo zilizonijengea nyumba ya bati na kumfikisha kijana wangu wa kwanza kidato cha nne.

Zamani beseni mbili zilikwisha kwa treni moja. Abiria wa Kigoma walikuwa wananunua wa kula njiani na wa kupeleka nyumbani. Sasa narudi na beseni nusu, nawala na wanangu mpaka wamewachoka. Barabara imetengenezwa, watu wamehamia kwenye mabasi, na dereva wa basi hana muda wa kumsubiri mtu achague samaki. Halafu inakuja hii reli ya kisasa. Tunaambiwa treni yake inakwenda mbio, haitasimama kila mahali, na pale itakaposimama kutakuwa na uzio. Wenzangu wawili wameshaacha, mmoja amerudi kulima tumbaku kwao Urambo.

Kijana wangu ana miaka 22. Mwaka jana alipata kibarua kwenye ujenzi wa hiyo reli. Alianza kama saidia fundi, sasa anafunga nondo na mafundi wanamwamini. Mshahara wake ndio umetuvusha. Lakini kambini wanasema kipande chao kikikamilika watu watapunguzwa, na baadhi ya wenzake wameshaambiwa wasirudi. Yeye anataka kuifuata kambi popote itakapohamia.

Nina kibubu changu, Shangazi. Kina milioni mbili na laki tatu. Kaka yangu aliyeko Kigoma mjini anasema tununue bodaboda ya kijana, yeye ataongezea kidogo. Mume wangu anataka tupande michikichi kwenye shamba la urithi kule Ilagala. Kijana anasema nimpe nauli na ya kuanzia maisha huko atakakokwenda. Kila mmoja ana mpango na pesa yangu, na hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Mume wangu anajua kuna laki nane tu. Sikumficha kwa ubaya, niliogopa tu.

Redioni nasikia uchumi unakua. Kama unakua, mbona kazi yangu inakufa, na ya mwanangu itakwisha hata hajaoa? Unakulia wapi huko ambako sisi hatuonyeshwi njia?

Mama wa Nguruka

—

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na pesa, kwa kuwa najua wamekuzunguka. Bodaboda usinunue. Kijana usimzuie, ila asiondoke mikono mitupu. Michikichi pandeni, lakini si kwa kibubu chote. Sasa nipe subira nikueleze, kwa sababu swali lako la redio ni kubwa kuliko hizo milioni mbili, na ukilielewa hilo, la pesa litakuwa jepesi.

Waliosema redioni hawakukudanganya. Kwa miaka karibu ishirini kabla ya korona, uchumi wa Tanzania ulikua kwa wastani wa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuhesabu miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Lakini tazama watu wako wapi na mapato yako wapi. Kilimo, uvuvi na ufugaji vinabeba karibu watu wawili katika kila watatu wanaofanya kazi nchini. Katika pato lote la taifa, sehemu yao ni kama robo. Ni masinia mawili shughulini: watu kumi wamezunguka sinia lenye wali kidogo, watano wamekaa kwenye sinia lililojaa. Wali wa shughuli umeongezeka kweli, tatizo ni wapi umepakuliwa. Dhahabu ndiyo bidhaa inayotuletea fedha nyingi za kigeni kuliko nyingine, lakini mgodi mkubwa unaendeshwa na mitambo, na watu unaowaajiri ni wachache mno ukilinganisha na utajiri unaotoka pale. Kwa hiyo mwaka wa dhahabu nyingi unaweza kuwa mwaka mzuri kwa takwimu na usiongeze mteja hata mmoja Nguruka.

Uchumi ukikua hauongezi tu kazi zilizopo. Unazihamisha. Unaitoa kazi mahali fulani na kuiweka pengine, na wenye kuumia ni wale waliosimama pale ilipotolewa. Watu wa Kigoma na Tabora tunalijua hili kuliko wengi, maana limeshatupita zaidi ya mara moja.

Kabla ya reli, mizigo ya nchi hii ilibebwa na watu. Wapagazi wa Kinyamwezi kutoka huko Tabora ndio waliosifika, mtu na mzigo wake wa kilo thelathini hivi, miezi mitatu na zaidi kati ya Bagamoyo na Ujiji. Ilikuwa kazi yenye heshima. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alionekana bado mtoto. Reli ya Wajerumani ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914. Kazi ya upagazi iliyodumu vizazi kadhaa ikafa ndani ya miaka michache. Na Ujiji yetu, mji uliojulikana dunia nzima, ukaachwa kilomita chache tu kutoka mwisho wa reli, kwa sababu bandari nzuri ilikuwa Kigoma. Mimi ni wa Ujiji. Nimekua nikisikia wazee wakizitaja zile kilomita chache kama msiba.

Reli hiyohiyo iliyoua upagazi ikaanza kubeba watu. Mkonge wa Tanga ulitaka mikono, na wakoloni wakaufanya mkoa wetu kuwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi iliyoitwa SILABU, na Waha, watu wa huku kwetu Buha, kwa maelfu wakapakiwa kwenye treni. Kila mtu na namba yake, ndipo likaja jina manamba. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikata mkonge miaka kumi na moja. Alikuwepo wakati Tanganyika ikiongoza dunia kwa zao hilo, na 1964 tulizalisha tani kama 230,000. Baadaye zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, uendeshaji mbovu ukaongezea, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata tani 30,000. Mashamba yaliyolisha familia nyingi za Buha yakawa vichaka.

Nakueleza haya kwa sababu ya mtu mmoja aliyeondoka siku moja na baba, treni moja, kijiji kimoja. Baba alipangiwa kukata. Mwenzake alipangiwa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ibaki katani. Akajifunza kufungua na kufunga, kupaka grisi, kubadili mikanda. Mkonge ulipoanguka wote wawili walirudi. Baba alirudi na sanduku la bati na mgongo unaouma. Mwenzake alirudi na fundi ndani yake, akawa anatengeneza mashine za kukoboa na kusaga mpaka anazeeka. Kazi iliyokufa ilikuwa moja, na aliyekuwa na cha kuhamia nacho ndiye aliyehama salama. Nikisoma barua yako namwona baba yangu mbele ya kijana wako, na ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mkataba wa reli hii ya kisasa, kipande cha Tabora hadi Kigoma, ulisainiwa Desemba 2022, na ni njia ya zaidi ya kilomita 500. Ujenzi wa namna hiyo unataka watu wengi kwa wakati mmoja, wa kuchimba, wa kufunga nondo, wa kupika kambini, walinzi. Lakini ujenzi ni kazi inayojimaliza yenyewe. Kadiri kijana wako anavyofunga nondo vizuri na upesi, ndivyo anavyoikaribia siku ya kurudishwa nyumbani. Reli ikishaanza kufanya kazi inahitaji watu wachache, na wenye vyeti: wa umeme, wa mawasiliano, madereva. Kwa hiyo kuifuata kambi si kosa, kosa ni kuifuata bila kitu cha kuonyesha baada yake.

Afanye mambo matatu kabla hajapunguzwa. La kwanza, cheti. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: mtu aliyejifunzia kazini anapimwa anachokijua, anaongezewa anachopungukiwa, anapewa cheti kinachotambulika. Si lazima akakae chuoni miaka miwili. Aende VETA Kigoma aulize kuhusu fani za ujenzi, na ada ailipe yeye kwa mshahara wake, asikuombe wewe. La pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokwisha, kinachosema alifanya kazi gani na kwa muda gani. Adai hiyo karatasi kwa adabu na asiondoke bila hiyo. Vijana wengi wanaona aibu kuomba karatasi, halafu mwaka unaofuata wanaanza upya kama saidia fundi mahali pengine, mikono ya fundi na mshahara wa mgeni. La tatu, ahakikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuwa michango yake imepelekwa. Kuna mafao ya kukosa ajira kwa waliochangia muda unaotakiwa, ila hayamfuati mtu nyumbani. Lazima aende mwenyewe.

Akiwa na hivyo, aende na kambi. Nondo hazifungwi kwenye reli tu. Zinafungwa kwenye madaraja, madarasa, vituo vya afya na nyumba za watu, Kigoma na kwingineko.

Bodaboda nimeikataa kwa sababu ambayo kaka yako, kwa upendo wake, hajaiona. Shamba lisipotosha na kiwanda kisipokuwepo, vijana hawakai bure, wanaingia kwenye kazi ambayo haina mlango wa kumzuia mtu: bodaboda, uchuuzi, vocha. Ndivyo nchi nyingi za Afrika zilivyohama. Watu walitoka shambani, lakini wengi hawakuingia kiwandani kama walivyofanya Wazungu na Wachina, waliingia kijiweni. Abiria ni walewale, pikipiki zinaongezeka kila wiki, na kila anayenunua anazidi kugawa nauli ileile. Kumtoa kijana mwenye ujuzi wa nondo na kumweka kijiweni ni kumrudisha nyuma, tena kwa kibubu cha mama yake.

Sasa wewe. Wote wamekusahau kwenye mipango yao, na kwa macho yangu wewe ndiye mfanyabiashara wa nyumba hiyo.

Umeandika biashara yako inakufa. Nimeisoma barua yako mara mbili na naona kinachokufa ni dirisha. Aliyehamia kwenye basi hajaacha kula samaki, amehama tu pale ulipokuwa unamkuta. Wewe unajua samaki mzuri, unajua wavuvi wa Sagara kwa majina, unajua kubanika asioze. Vitu hivyo havikuwa mali ya treni. Basi samaki ndio wasafiri, wewe ubaki. Uwakaushe vizuri, uwafungashe, uwatume kwa basi hilohilo lililokunyang'anya abiria, kwa mama lishe na wauza samaki wa Tabora na Kigoma mjini. Na kambi ya ujenzi ikiwa bado ipo, mamia ya watu wanakula kila siku karibu yako. Anayewapikia ananunua samaki kwa nani? Kesho kutwa hawapo, kwa hiyo jambo hilo ni la wiki hii.

Nikupe na siri ya soko la huku kwetu. Tangu 2024 ziwa Tanganyika linafungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Ni hatua ya lazima, maana samaki wamepungua, na maji ya juu yakizidi kupata joto, chakula cha samaki kilichoko chini hakipandi kama zamani. Lakini kwa miezi hiyo ukishuka mwaloni Kibirizi unakuta mitumbwi imeanikwa, na mama wa Kigoma hana kitoweo. Samaki wako aliyekaushwa vizuri hapo ana thamani ambayo dirisha halijawahi kukupa. Muulize ofisa uvuvi wa kwenu kuhusu kibali cha kusafirisha, na kama maji yenu nayo yana msimu wake wa kufungwa, ili usije kunyang'anywa mzigo njiani.

Usifanye peke yako. Wale wenzako wa stesheni waliobaki, tafuta wanne wenye akili ya biashara mwe watano. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata. Kikundi kilichosajiliwa, chenye daftari la mauzo, kinasikilizwa. Waulizeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mjini Kigoma juu ya ukaushaji na ufungashaji. Samaki aliyefungashwa safi anaingia duka ambalo aliyefungwa kwenye gazeti haingii.

Na mkiwa kikundi, nendeni kwa diwani mapema. Kama uzio unakuja, soko la wauza chakula liombwe nje ya geti la stesheni sasa, ramani ikiwa bado mezani. Ukuta ukishapanda hakuna atakayeubomoa kwa ajili ya beseni. Hili linaniuma, kwa sababu miradi mikubwa inahesabu kilomita na mabehewa vizuri sana, ila mwanamke aliyelisha abiria wa reli ya kati miaka yote haonekani kwenye hesabu mpaka aende yeye mwenyewe kuhesabiwa. Nendeni, na mwende wengi.

Mume wako hajakosea kuhusu michikichi. Ardhi ya urithi Ilagala ni akiba ambayo wengi hawana. Mbegu ya tenera, ile chotara inayotoka kituo cha utafiti cha Kihinga, inatoa mafuta mengi kuliko michikichi yetu ya asili. Lakini mche hautoi kitu kabla ya mwaka wa tatu hivi, na ukomavu wake ni baadaye zaidi. Pesa inayokwenda huko inalala. Pandeni eneo dogo mnaloweza kulipalilia wenyewe, na katikati ya miche pandeni mahindi na maharage miaka ya mwanzo, ili shamba liwalishe wakati mnasubiri.

Kwa hesabu yangu, laki tisa ziende kwenye samaki, laki nne kwenye michikichi, na milioni moja isiguswe na mtu. Hiyo ni ya mwezi ambao kambi itafungwa na mzigo wa kwanza bado haujalipwa, maana mwezi huo utakuja. Iweke SACCOS au benki. Kibubu kinavunjwa na kila mwenye shida.

Limebaki la mume wako. Mwambie kiasi chote, na umwambie kabla kaka yako hajakijua. Uliogopa, nami sikulaumu. Wanawake wengi wa mabeseni wameficha hela na wamekuwa na sababu. Lakini huyu ameleta shauri la shamba kwa ajili ya watoto wenu, hakuleta shauri la pombe, na anastahili kulisikia kwako. Chagua jioni mmeshakula, kijana akiwa kambini. Mwonyeshe zile laki nne za michikichi kwanza, halafu mweleze zilizobaki.

Na huyo binti aliyekuandikia barua hii, mpe daftari la mzigo alishike yeye. Anaandika vizuri.

Shangazi